Misiani na Maiki Yake

Hapa Kisumu jirani akifungua redio ya benga, utamsikia Daniel Owino Misiani akiimba. Mzee huyu alifariki Mei 2006 kwa ajali ya barabarani papa hapa mjini, mimi sijazaliwa. Sasa sauti yake nimeijuaje?

Alizaliwa 1940 huko Shirati, Tanzania, karibu na mpaka wetu. Wazazi wake, watu wa kanisa, hawakupenda gitaa. Yeye akalishika tu, akaja Kenya na kuunda bendi ya Shirati Jazz.

Mwalimu wa fizikia alitufungulia maiki moja mbovu. Ndani mna utando mwembamba, na nyuma yake koili ya waya kandokando ya sumaku. Sauti ikiupiga, utando hutetemeka pamoja na koili, umeme kidogo ukazaliwa, ukipanda na kushuka kama sauti yenyewe. Kumbe ni hivyo tu! Lakini umeme hauchagui maneno. Misiani alificha siasa katika hadithi za wanyama, santuri zikaenea hadi masikioni mwa wakubwa, naye akatiwa ndani zaidi ya mara moja. Akitoka, anarudi kwenye maiki.