Roosevelt: prezida aliyeshinda mengi, lakini tansio ikamushinda

Wengi wetu tulisikia jina la Franklin Roosevelt kwenye masomo ya historia, pale mwalimu alipofika kwa Vita ya Pili ya Dunia. Alikuwa prezida wa Marekani. Lakini kuna upande mmoja wa maisha yake ambao hatukufundishwa: ugonjwa uliomuua, na vile kifo chake kilisaidia dunia kujua mengi juu ya moyo. Ndugu msomaji, ukifuata maisha ya huyu mzee utaona yanatugusa hata sisi wakaaji wa huku mashariki.

Roosevelt alizaliwa tarehe 30 Januari 1882 huko Hyde Park, jimbo la New York, katika jamaa yenye mali. Baba yake alikuwa mgonjwa wa moyo kwa miaka mingi, na akafariki mwaka 1900 wakati kijana alikuwa angali mwanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard. Jambo hilo tuliweke kichwani, kwani mutu ambaye mzazi wake alisumbuliwa na moyo anapashwa kujichunga mapema.

Mwaka 1921, akiwa na miaka 39, alipatwa na ugonjwa ambao wanganga waliuita polio. Miguu yote miwili ikalemaa. Wengi walifikiri siasa imemuishia. Kumbe hapana. Akawa gavana wa New York, na mwaka 1932 akachaguliwa prezida. Wamarekani wakamuchagua mara 4, jambo ambalo halijafanyika kwa mwingine. Aliongoza inchi wakati wa ukosefu mkubwa wa kazi, kiisha wakati wa vita.

Watu waliangalia miguu yake, lakini adui mwingine alikuwa ndani ya mishipa. Mwaka 1935 tansio yake ilikuwa bado karibu na kawaida. Mwaka 1937, kwa namna tunavyosema kwenye vituo vyetu vya afya, ilifika 16 kwa 10. Mwaka 1941 ilipita 18 kwa 10. Na yeye alikuwa anavuta sigara nyingi kila siku, anabeba mizigo ya vita, na kwa ajili ya miguu yake hakuweza kutembea sawa watu wengine.

Munganga aliyemufuata kila siku, Ross McIntire, alikuwa fundi wa masikio, pua na koo. Tusimulaumu yeye peke yake. Wakati ule wanganga wengi waliamini kama tansio kupanda ni jambo la uzee tu, na hakukuwa dawa nzuri ya kuishusha.

Mwezi wa tatu 1944, binti yake Anna aliona baba anakonda, anachoka, anakohoa. Akasukuma apimwe vizuri. Munganga kijana wa moyo, Howard Bruenn, akamupima kwenye hospitali ya jeshi la maji huko Bethesda. Alikuta tansio inapita 18 kwa 10, moyo umevimba, na maji yameingia kwenye mapafu. Moyo ulikuwa umeanza kushindwa kazi. Akamupa dawa ya kusaidia moyo, akaomba apunguze chumvi, sigara na masaa ya kazi. Roosevelt alitii kiasi, lakini hakuuliza hata siku moja ugonjwa wake ni gani. Raia nao waliambiwa kama prezida ana afya nzuri kwa miaka yake. Mwezi wa 11 wakamuchagua tena.

Mwezi wa pili 1945 alisafiri mpaka Yalta kukutana na Churchill wa Uingereza na Stalin wa Urusi. Picha za mkutano ule zinaonyesha mutu aliyechoka kabisa. Tarehe 12 Aprili 1945, huko Warm Springs, jimbo la Georgia, alikuwa amekaa anachorwa picha. Akashika nyuma ya kichwa, akasema kinamuuma vikali, kiisha akazimia. Bruenn alipopima, tansio ilikuwa 30 kwa 19. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka ndani ya ubongo, ile tunaita AVC. Akafariki mchana ule ule, miaka 63. Na wale wawili wa Yalta? Stalin aliuawa na AVC mwaka 1953, Churchill mwaka 1965. Wakubwa watatu wa dunia, ugonjwa mmoja.

Mwaka 1948 prezida Truman, aliyemufuata Roosevelt, alitia sahihi sheria ya kutoa pesa za kuchunguza magonjwa ya moyo. Mwaka ule ule, katika muji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts, uchunguzi mkubwa ukaanza. Watu 5209, wanaume na wanawake, walikubali kupimwa kila miaka miwili. Ni pale dunia ilipata kujua wazi kama tansio ya juu, sigara, mafuta mengi katika damu, ugonjwa wa sukari na kukaa bila mazoezi vinaharibu moyo. Kuanzia mwaka 1958, dawa za kidonge za kushusha tansio, zile za kutosha maji na chumvi kwa njia ya mkojo, zilianza kupatikana.

Leo, OMS inahesabu kama magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu karibu milioni 18 mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu walikuwa katika inchi maskini na zile za mapato ya kati. Karibu nusu ya watu wazima wenye tansio hawajui kama wanayo, kwani mara nyingi haiumizi.

Basi tufanye nini? Pima tansio, hata kama unajisikia muzima. Ikipimwa mara kadhaa, siku mbalimbali, na inafika 14 kwa 9 ao zaidi, ongea na munganga. Chumvi yote ya siku isipite kijiko kimoja kidogo, ndiyo gramu 5, na humo tunahesabu ile ya Maggi na ya makayabu. Makayabu uiloweke na kumwanga maji mbele ya kupika. Acha sigara, punguza pombe, kula mboga na matunda, tembea kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa juma. Na ukipewa dawa, usiiache eti kwa sababu kichwa hakiumi tena. Tansio imeshuka kwa sababu ya ile dawa. Ukiiacha, inarudi kimya kimya.

Roosevelt alikuwa na ndege, hospitali na wanganga wa jeshi nzima. Kilichomukosekana ni dawa, na mutu wa kumwambia ukweli mapema. Sisi tuna ukweli huo, na kwenye vituo vingi kile kitambaa cha kufunga kwenye mkono kipo. Mama, baba, wiki hii upite pale, unyooshe mkono.