Mtoto Aliyeitwa Chozi

Soma kabla ya Sabato: 2 Samweli 12:15-23, Yeremia 31:15-17, Marko 10:13-16, 1 Wathesalonike 4:13-18.

Katika darasa letu la Shule ya Sabato hapa Sapiwi, mama mmoja aliwahi kuuliza swali ambalo mwalimu hakulitayarisha. Mtoto wake alikufa akiwa na siku tisa, kabla hajaletwa kanisani kuwekwa wakfu. Jirani aliyekuja msibani alimwambia, nadhani kwa nia njema kabisa, kwamba mtoto asiyebatizwa hana mahali kwa Mungu. Mama alitaka kujua: kama angewahi kumleta Sabato iliyotangulia, mambo yangekuwa tofauti? Darasa likanyamaza. Mwalimu akatazama saa, akasema swali hilo tutalirudia. Mwalimu huyo nilikuwa mimi.

Katika kutafuta jibu nililodaiwa, nimejikuta nikirudi mara nyingi kwenye maisha ya mtu mmoja ambaye Wakristo wa Afrika Mashariki tunamjua zaidi kwa kazi yake ya lugha kuliko kwa makaburi yake. Huyo ni Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 Derendingen, kijiji kilicho karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Kilutheri. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, kisha akaingia katika chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, ambacho kilimtuma Ethiopia mwaka 1837. Huko alijifunza lugha na akawapenda Waoromo, watu ambao aliwabeba moyoni kwa miaka mingi. Mwaka 1842 alisafiri hadi Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, wakaoana. Walipotaka kurudi Ethiopia walikuta njia zimefungwa. Wakajaribu upande huu na upande ule, mmoja baada ya mwingine.

Katika mojawapo ya safari hizo, mwaka 1843, wakipita katika nyika ya Washoho si mbali na Massawa, Rosine alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Akajifungua mtoto wa kike njiani. Hapakuwa na mkunga wala nyumba. Mtoto hakuishi. Krapf alimbatiza, akampa jina Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi, akamzika chini ya mti kando ya njia. Msafara haukuweza kukaa pale, na mama hakupata muda wa kutosha kupumzika kabla ya kuendelea.

Hapa msomaji Mwadventista atasita kidogo, na ni halali asite. Sisi hatubatizi watoto wachanga, kwa kuwa tunaamini ubatizo unafuata imani na toba ya mtu mwenyewe. Watoto wetu huwekwa wakfu, kama Yusufu na Mariamu walivyompeleka mtoto Yesu hekaluni. Lakini tumwelewe Krapf. Alilelewa katika kanisa ambalo mtoto aliye karibu kufa hubatizwa upesi, hata na mtu asiye mchungaji. Kitabu cha sala cha Waanglikana cha mwaka 1662, ambao ndio waliomtuma, kiliagiza kwamba ibada ya maziko isisomwe kwa mtu aliyekufa bila ubatizo.

Mzizi wake ni wa zamani, tena uko Afrika. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba mtoto mchanga huzaliwa na hatia ya Adamu, na kwamba asipobatizwa huhukumiwa, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Baadaye walimu wa Ulaya walilainisha fundisho hilo wakasema kwamba pako mahali pa pembeni, pasipo na mateso wala furaha ya mbinguni. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia wa Kanisa Katoliki ilitoa maelezo kwamba zipo sababu za kutumaini kuwa watoto hao wanaokolewa. Kwa hiyo yule jirani wa msibani hakujitungia jambo. Alirithi hofu yenye umri wa karne nyingi, na katika makanisa mengine hofu hiyo yenyewe imeanza kulegezwa.

Turudi kwa Krapf. Mlango wa Ethiopia ulipofungwa, alishuka pwani. Januari 1844 alifika Unguja, Sayyid Said akampokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa watawala wa pwani. Mwezi Mei akahamia Mombasa pamoja na Rosine, ambaye alikuwa mjamzito tena. Mwezi Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Ndicho kitabu ambacho ndani yake wazazi wa kwanza wanafiwa na mtoto wao.

Julai ikaja na homa. Rosine alijifungua mtoto wa kike huku wote wawili wakiwa wagonjwa. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa, akainuka kwa taabu kuhakikisha kwamba ni kweli mkewe amekata roho. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Mama na mwana walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, na kaburi liko Nyali mpaka leo.

Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi hilo liwe kwao ishara kuwa vita vimeanza katika sehemu hii ya dunia. Barua hiyo imesifiwa sana, hata katika mahubiri yetu. Nikiri kwamba mimi hunigusa kidogo kuliko lile jina la chini ya mti. Barua aliwaandikia wakubwa, lakini jina alimpa mwanawe.

Miaka kumi na sita baadaye, upande mwingine wa dunia, Ellen White alimzika mwanawe John Herbert, aliyezaliwa Septemba 1860 na kufa Desemba mwaka uleule kule Battle Creek, Marekani. Katika maandishi yake aliwafariji wazazi kwamba asubuhi ya ufufuo malaika watawarudisha watoto wachanga mikononi mwa mama zao, na wale ambao mama zao hawapo watapokewa na kupelekwa kwenye mti wa uzima. Alipoulizwa juu ya watoto wote wa wazazi wasioamini, hakujifanya kujua. Alisema Mungu hajalifunua hilo, na ni afadhali kuliacha pale alipoliacha Mungu mwenyewe.

Basi nikisimama tena mbele ya yule mama, naweza kusema nini? Kwanza, mtoto wake hakuwa na dhambi ya kutenda, na Ezekieli 18:20 yakataa mwana kubeba uovu wa baba. Hata hivyo alizaliwa chini ya mauti ya Adamu kama sisi sote, akamhitaji Kristo kama sisi sote (1 Wakorintho 15:22). Kuwekwa wakfu ni ahadi ya wazazi na kanisa mbele za Mungu. Si cheti cha kuingilia mbinguni, na kucheleweshwa kwake hakumfungii mtoto mlango. Kwa hiyo jibu la swali lake ni hapana, isingekuwa tofauti. Tena, mtoto hajawa malaika kama tunavyopenda kusema misibani, wala hayuko pembeni mahali popote akingoja. Amelala. Raheli wa Yeremia 31 aliambiwa azuie sauti yake isilie kwa sababu watoto wake watarudi kutoka nchi ya adui, na adui yetu wa mwisho ni mauti.

Krapf aliendelea na kazi. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo Rabai. Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa. Afya ikamrudisha Ujerumani, ambako aliandika mpaka uzeeni huko Korntal. Siku zake za mwisho alikuwa akizungumza juu ya kuja kwa Bwana kulivyo karibu. Tarehe 26 Novemba 1881 alikufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka mwaka uliofuata.

Kwa mwalimu wa darasa: Sabato hii usikimbilie kumaliza mafungu yote. Katika madarasa mengi yupo mtu mwenye kaburi dogo nyumbani, na pengine hajawahi kulisema jina la mtoto huyo mbele ya watu. Mpe nafasi alitaje kama anataka. Kisha someni pamoja Yeremia 31:15-17, polepole, na saa iache mfukoni.