Lusinga lwa Ng'ombe, sultani wa Batabwa aliyekatwa kichwa

Boti zinazotoka Kalemie kuelekea Moba zinapita mbele ya Mpala, kijiji cha pembeni ya ziwa Tanganyika chenye kanisa la zamani. Katika milima iliyo nyuma ya kijiji hicho, zaidi ya miaka 140 iliyopita, alitawala Lusinga lwa Ng'ombe, sultani wa Batabwa. Jina lake liliogopwa sana na majirani. Leo linatajwa pia Ubelgiji, kwa sababu fuvu la kichwa chake lilipelekwa kule.

Lusinga alikua wakati ambapo misafara ya pembe za tembo na watumwa ilikuwa ikivuka ziwa kutoka Ujiji na kutoka inchi ya Wanyamwezi. Pamoja na misafara hiyo ziliingia bunduki na baruti. Sultani aliyepata bunduki nyingi aliweza kuwashinda wale waliobaki na mikuki na mishale, kuteka watu wao na kuwauza ili apate baruti ingine. Lusinga aliingia katika biashara hiyo na akapanuka haraka. Mwaka 1879, Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alipita ngambo hii ya ziwa akielekea mto Lukuga. Aliandika juu ya vijiji vilivyoharibiwa na juu ya woga ambao Lusinga alikuwa ametia kwa wakaaji.

Lakini bunduki peke yake hazikutosha kumfanya mtu awe sultani. Kwa Batabwa, ukoo unafuata upande wa mama. Mtoto wa sultani ni wa ukoo wa mama yake, na harithi kiti cha baba. Kiti kinaenda kwa ndugu wa tumbo moja au kwa mpwa, mtoto wa dada. Mukubwa mpya kama Lusinga alipaswa kuonyesha kwamba nguvu zake zinatoka kwa mababu wa ukoo huo. Ndiyo sababu alikuwa na sanamu ya mti iliyochongwa kwa ustadi, yenye nywele zilizosukwa vizuri. Ilikuwa alama ya ukoo wake na ya haki yake ya kutawala.

Mwaka 1883, Émile Storms, afisa wa jeshi la Ubelgiji, alivuka ziwa kutoka kituo cha Karema, upande wa Tanzania ya leo. Alikuwa akitumikia Chama cha Kimataifa cha Afrika, ambacho mfalme Léopold II alikianzisha mwaka 1876 akisema ni kwa ajili ya elimu na kukomesha biashara ya watumwa. Storms alipatana na sultani Mpala, wakafanya undugu wa damu, kisha akajenga ngome. Wakaaji walimwita Bwana Boma. Alikuwa na askari na rugaruga wake, na alitaka masultani wote wa pembeni ya ziwa wamtii yeye.

Lusinga alikataa. Kwake, mzungu huyo alikuwa tu mukubwa mwingine mwenye bunduki aliyekuja kushindana naye juu ya watu na njia za biashara. Milima haikuwa na nafasi ya wakubwa wawili wa namna hiyo.

Tarehe 4 Desemba 1884, watu wa Storms walishambulia kijiji cha Lusinga. Walimuua, wakamkata kichwa na kumpelekea Storms kule Mpala. Kijiji kilichomwa moto, makumi ya watu waliuawa, na wengine wengi wakachukuliwa mateka. Siku hizo hizo, kule Berlin, wajumbe wa inchi za Ulaya walikuwa katika mkutano uliofunguliwa tarehe 15 Novemba, wakipanga namna ya kugawana Afrika. Mkutano huo ulipoisha mwezi wa pili 1885, Léopold alikuwa amekubaliwa kuwa mwenye Kongo.

Storms aliitwa kurudi kwao mwaka huo huo, na Mpala ikaachwa mikononi mwa Mapadri Weupe. Katika mizigo yake kulikuwa na fuvu la Lusinga pamoja na mafuvu ya wakubwa wengine wawili, Mpampa na Maribu. Mwaka 1886, daktari Émile Houzé aliyapima na kuyaeleza mbele ya wataalamu wa Brussels, kama vitu vya uchunguzi. Sanamu ya ukoo ilibaki nyumbani kwa Storms hata baada ya kifo chake mwaka 1918. Katika miaka ya 1930 mjane wake alitoa vitu hivyo kwa jumba la makumbusho la Tervuren. Mafuvu yalihamishwa baadaye hadi taasisi ya elimu ya viumbe ya Brussels.

Huku kwetu, habari hii haikusahaulika. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Allen Roberts aliwakuta wazee wa Batabwa wakiendelea kuhadithia kifo cha Lusinga. Mwaka 2018, baada ya gazeti moja la Ubelgiji kuandika juu ya fuvu hilo, mtu wa Lubumbashi anayejitambulisha kuwa wa ukoo wa sultani huyo aliandikia mfalme wa Ubelgiji akiomba lirudishwe.

Mwaka 2022, sanamu ya Storms iliondolewa katika bustani ya Square de Meeûs kule Brussels. Mwezi wa sita wa mwaka huo, jino la Patrice Lumumba lilikabidhiwa kwa familia yake. Lakini sheria ya Ubelgiji ya mwaka huo juu ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni haikugusa mabaki ya watu.

Hata sheria ikifungua njia, bado kutabaki ulizo la nani atapokea. Kwa desturi ya Batabwa, wenye haki ya kwanza ni wazao wa dada za Lusinga, upande wa mama. Na kuna pia wazao wa wale aliowateka na kuwauza. Wao wana hadithi yao juu ya sultani huyu, na wanaishi katika milima ile ile ambamo angezikwa.