JOHN ADAMS, MTOTO WA MKULIMA ALIYEITAFUTA SAYARI KWA KALAMU

John Couch Adams alizaliwa mwaka 1819 katika kijiji cha Laneast, sehemu ya Cornwall, nchini Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima. Alilima shamba la kukodi. John alipenda hesabu tangu utoto. Alisoma kwa bidii mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1843 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa hesabu.

Wakati ule wataalamu wa nyota walikuwa na tatizo. Sayari iitwayo Uranus, iliyogunduliwa mwaka 1781, haikufuata njia waliyoipigia hesabu. Ilikuwa kama ng'ombe anayevutwa kamba na mtu asiyeonekana. Adams aliwaza kwamba huenda iko sayari nyingine, mbali zaidi, inayoivuta. Alichukua kalamu na karatasi, akapiga hesabu ili ajue sayari hiyo iko upande gani wa mbingu.

Mwezi wa Oktoba 1845 alikwenda Greenwich nyumbani kwa Bwana George Airy, mkuu wa wataalamu wa nyota wa serikali. Hawakuonana. Adams aliacha karatasi yenye majibu yake. Baadaye Airy alimwandikia barua na kumwuliza swali moja. Adams hakumjibu. Kazi ikalala.

Kumbe huko Ufaransa mtaalamu Urbain Le Verrier alikuwa akipiga hesabu kama hizo. Yeye alitangaza majibu yake wazi. Waingereza waliposikia, walianza kuitafuta sayari kwa darubini huko Cambridge, Julai 1846. Mwezi wa Agosti waliiona mara mbili, lakini hawakuitambua, kwa kuwa hawakulinganisha mapema yale waliyoyaandika. Tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle wa Berlin, Ujerumani, alipata barua ya Le Verrier. Usiku ule ule akaiona. Sayari hiyo ndiyo Neptune.

Ugomvi ukazuka. Je, sifa ni ya nani? Waingereza na Wafaransa wakarushiana maneno. Adams mwenyewe hakugombana na mtu. Alikubali kwamba Le Verrier alitangulia kutangaza. Siku hizi wanahistoria wengi humpa Le Verrier sifa kubwa zaidi, kwa sababu majibu ya Adams yalibadilika mara kwa mara, naye hakuyatangaza.

Adams hakukata tamaa. Mwaka 1853 alionyesha kosa katika hesabu za mwendo wa mwezi zilizofanywa zamani na Laplace, bingwa wa Ufaransa. Wengi walimpinga kwa miaka kadhaa. Mwishowe ilionekana kwamba hesabu zake ni sahihi. Tena, baada ya vimondo vingi kuonekana mwaka 1866, alipata kwamba kundi la vimondo hivyo hulizunguka jua kwa miaka 33 hivi. Mwaka 1861 alikuwa amefanywa mkuu wa kituo cha kuangalia nyota cha Cambridge. Alifariki tarehe 21 Januari 1892, akiheshimiwa na wote.

Maisha yake yanatufundisha mambo mawili. Kwanza, elimu iliyofungiwa sandukuni haimfai mtu. Barua ikija, ijibiwe. Pili, ukikosa sifa leo, usiache kazi.

MASWALI
1. Kwa nini Adams aliwaza kwamba iko sayari nyingine?
2. Kama angeijibu barua ya Airy, mambo yangekuwaje? Zungumzeni darasani.