Sahihi za Sheikh Amri Abedi

Wako watu wanaokusanya sahihi za mameya kama wengine wanavyokusanya stempu. Barua ya ukurasa mmoja yenye sahihi ya Fiorello La Guardia, aliyekuwa meya wa New York kuanzia 1934 hadi 1945, huuzwa na kununuliwa hata kama ndani yake hamna habari yoyote ya maana. Kinachonunuliwa ni mkono wa mtu, si maneno yake. Huku kwetu Ituri jambo hilo linachekesha kidogo, maana sahihi ya mere tunaijua kwa upande wake mwingine: ni ile inayosubiriwa barazani tangu asubuhi, na hata ikipatikana, bila kashe karatasi haina nguvu.

Mimi nakusanya sahihi za meya mmoja tu, naye alikufa mwaka 1964: Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Wino wake haujafika Bunia. Ninachokusanya ni jina lake jinsi lilivyosimama mahali mbalimbali: kwenye jalada la kitabu, kwenye orodha za maktaba, kwenye uwanja wa mpira. Kwa mwanafunzi wa isimu huo nao ni ukusanyaji wa data, na data hii imenipeleka mbali kuliko nilivyotazamia.

Alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Ujiji ni mji ambao sisi wa upande huu wa ziwa tungepaswa kuufahamu vizuri zaidi. Katika karne ya 19 ulikuwa kituo cha misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika kuelekea Kasongo na Nyangwe, na sehemu kubwa ya wakazi wake walikuwa watu wa Manyema waliovuka kwenda mashariki, wengine kwa hiari yao, wengine kwa kamba. Njia hiyohiyo, ikipinda kaskazini, ndiyo iliyoleta Kiswahili Ituri. Stanley alipopita katika msitu wetu mwaka 1887 aliwakuta watu wa Kilonga-Longa wamekwisha kupiga kambi Ipoto. Waungwana wa misafara hiyo ndio walioiachia lugha yetu jina la Kingwana, ambalo Wabelgiji walilitumia baadaye kwa Kiswahili cha Kongo. Kwa hiyo Kiswahili cha Ujiji na Kiswahili cha Irumu ni ndugu wa msafara mmoja. Mmoja alibaki kando ya ziwa, mwenziwe akaingia msituni.

Nalisema hili mapema kwa sababu katika vitivo vya lugha, na chetu kimo, kuna mazoea ya kuupima Uswahili kwa umbali kutoka baharini. Ukitoka Unguja ukafika Irumu, basi umepita ngazi zote za kuharibika. Amri Abedi anavuruga hesabu hiyo. Mtu aliyeandika kitabu cha sheria za ushairi wa Kiswahili, ambacho kila mmoja wetu amekisoma au amedai kukisoma, hakuzaliwa Lamu, wala Mombasa, wala Pangani.

Alisoma Tabora, katika shule ya serikali ambayo ndiyo pia iliyomlea Julius Nyerere. Akiwa kijana alijiunga na Waahmadiyya, ambao mhubiri wao mkuu katika Afrika Mashariki alikuwa Sheikh Mubarak Ahmad. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Waislamu wengi wa eneo hili hawakuwakubali Waahmadiyya, na aliyejiunga nao alijua kwamba kuna milango itakayofungwa. Kwa upande wa lugha, hata hivyo, mlango mmoja mkubwa ulifunguka. Jumuiya hiyo ilikuwa ikitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na Amri akawa miongoni mwa wasaidizi wa Mubarak Ahmad katika kazi hiyo iliyochapishwa Nairobi mwaka 1953. Kabla yake ilikuwapo tafsiri ya padri wa Kianglikana, Godfrey Dale, ya mwaka 1923. Hii ya 1953 ilikuwa ya kwanza kamili kutolewa na watu wanaojiita Waislamu, na ubishi ulioamsha ulimsukuma Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar kuandika yake. Hivyo kijana wa Ujiji, kabla hajatimiza miaka 30, alikuwa ameshiriki katika kazi ambayo kila neno lake lingekaguliwa na wapinzani. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kupima silabi.

Mwaka uliofuata, 1954, ulitoka Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Ndio mwaka TANU ilipoanzishwa, ingawa sitaki kulazimisha uhusiano. Tazameni kwanza jalada, kwa kuwa jalada ndilo sahihi ya kwanza katika daftari langu: K. Amri Abedi. Kaluta, jina ambalo halikutoka Uarabuni, limefupishwa kuwa herufi moja. Amri limesimama wazi, tena mara mbili, katika jina la mwandishi na katika jina la diwani. Washairi wa Kiswahili wana desturi ya kujitaja kwenye beti za tamati, na wale wa magazetini huweka jina au lakabu chini ya shairi pamoja na sanduku la posta. Yeye alitia sahihi mlangoni kabisa. Na kwa kuwa amri ni neno la kawaida la lugha, msomaji anayekutana na jalada hilo kwa mara ya kwanza huona sheria upande mmoja na amri upande wa pili, kana kwamba ameitwa mahakamani.

Kiswahili chenyewe kinamsaidia katika mchezo huo. Saini tumelipata kutoka Kiingereza, na huku Bunia tunasema kusinye kwa kuwafuata Wafaransa. Lakini neno sahihi, lenye asili ya Kiarabu, linabeba mambo mawili: alama ya mkono wa mtu, na kitu kisicho na kosa. Kitabu cha Amri kinakaa hapo katikati. Kinasema shairi lililo sahihi ni lipi, na chini yake kuna jina la mtu mmoja.

Sheria zake zinajulikana: vina, mizani, mishororo, beti, kituo, na kwamba shairi lisiloimbika si shairi. Nimezisoma kama mtu wa Irumu anavyoweza kuzisoma, yaani kwa kuuliza kama sisi tumo. Chukueni mizani. Kila silabi ni mizani moja. Mtu wa pwani anasema mtu, na m yake ni silabi peke yake: m-tu, mizani mbili. Mama yangu anasema mutu: mu-tu, mizani mbili. Mtoto ni tatu, mutoto ni tatu. Mlango ni tatu, mulango ni tatu. Wanaosema batu badala ya watu, au bitabu badala ya vitabu, hawaongezi wala hawapunguzi chochote katika mshororo wa mizani 16. Irabu ile ya u, ambayo walimu wetu wa shule za msingi waliifuta kwa kalamu nyekundu miaka nenda miaka rudi, haina uzito wowote kwenye mizani ya Sheikh Amri. Ikiwa ni kosa, ni kosa la jedwali jingine.

Kwenye vina hatuponi kirahisi hivyo. Baadhi yetu tunaidondosha h, na raha ikiwa raa haiwezi tena kukaa na siha na nusuha. Lakini ushairi ambao ungetungwa kwa matamshi hayo toka mwanzo hadi mwisho ungekuwa na vina vyake wenyewe, na sheria hazikatazi hilo. Zinataka mtunzi ashike njia yake asiiache. Sidhani kama Amri aliandika akituwaza sisi. Ninachosema ni kwamba kipimo alichokiweka kinapima sauti, na hakiulizi mtunzi amezaliwa wapi.

Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Pakistani kwa masomo ya dini, akarudi kuwa mhubiri. Siasa ikamkuta hapo. TANU ilikuwa na washairi wengi, Saadan Kandoro akiwamo, na shairi lilikuwa chombo cha mkutano wa hadhara kama kipaza sauti. Mwaka 1960 akawa meya wa Dar es Salaam.

Msomaji wa Kongo asiipite sentensi hiyo haraka. Huku kwetu uchaguzi wa Desemba 1957 ulimpa Joseph Kasa-Vubu uburgumestri wa Dendale, lakini hiyo ilikuwa komini moja tu ya Léopoldville, na mji mzima ulibaki mikononi mwa Wabelgiji. Dar es Salaam, mji mkuu mzima, ulipata meya Mwafrika karibu miaka miwili kabla ya uhuru. Ni kweli kwamba katika mfumo wa Kiingereza meya ni mwenyekiti wa baraza, na shughuli za kila siku zilikuwa za karani wa mji. Hata hivyo kiti kilionekana. Mji uliopangwa kwa rangi, Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, uliongozwa na mtu kutoka bara ya mbali, mshairi, tena Muahmadiyya ambaye misikiti mingi ya mji huohuo isingempa nafasi ya kuswalisha. Desemba 1961 uhuru ulikuja, na Dar es Salaam ikapandishwa kuwa jiji.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1963 alikuwa Waziri wa Sheria, na sina hakika kama Nyerere, mshairi mwenzake na mtafsiri wa Shakespeare, alimpa wizara hiyo bila kutabasamu. Mwaka 1964 alihamia Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Ilikuwa wizara iliyomfaa kuliko zote. Oktoba mwaka huohuo alifariki Ujerumani Magharibi, akiwa na umri wa miaka 40.

Kwa hiyo hakuwapo ugomvi ulipoanza. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na Mulokozi na Kahigi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, mashairi yasiyofuata vina na mizani yalidai nafasi, na waliowapinga walikishika kitabu cha 1954 kama msahafu. Naona hapo walimdhulumu. Kitabu cha mtu wa miaka 30, kilichokusudiwa kumfundisha anayetaka kuanza kutunga, kiligeuzwa kashe ya kugongea cheti cha nani mshairi na nani si mshairi. Tena angalieni jina la diwani ile ya 1976. Waliokuwa wakivunja sheria walijiita watu wa bara, kana kwamba sheria zilitungwa pwani. Aliyeziandika alitoka bara zaidi ya wengi wao.

Sahihi za daftari langu zinaonyesha dhuluma nyingine ndogo. Kwenye kitabu ni Abedi, yenye irabu mwishoni kama Kiswahili kinavyotaka. Kwenye orodha za maktaba mara anapangwa chini ya Abedi, mara chini ya Amri, mara Kaluta anawekwa mwisho kana kwamba ni jina la babu. Uwanja wa mpira wa Arusha, uliopewa jina lake kwa kumbukumbu, unaitwa Sheikh Amri Abeid. Konsonanti imebaki wazi mwishoni, na jina limerudishwa Uarabuni. Ni tahajia ya heshima, bila shaka. Lakini mtu huyu alihesabu silabi maisha yake yote, na yeyote anayetaka kujua jina lake lina mizani ngapi anaweza kusoma jalada: A-be-di, tatu. Mshabiki akilitamka la uwanjani, ulimi wake utatafuta irabu ya kutulia mwishoni, naye atasema A-be-i-di, nne.