Ernst May na Nyumba ya Mnyonge

Ardhi ya Nakuru, chini ya mlima Menengai, imetandikwa mawe mepesi yaliyorushwa na volkano. Mawe ya jinsi hiyo, katika nchi ya mbali, msanifu majengo Ernst May aliyageuza kuwa kuta.

May alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka wa 1886. Kuanzia 1925 aliongoza ujenzi wa mji huo, na katika miaka mitano nyumba zaidi ya 10,000 zikasimama. Huko Praunheim, zege lililochanganywa na mawe hayo mepesi lilimiminwa kiwandani likawa mabamba ya ukuta yenye urefu wa mita 3 na unene wa sentimita 20. Kreni iliyainua, mafundi wakayaunganisha.

Mwaka wa 1930 alikwenda kupanga miji katika Muungano wa Kisovieti. Wanazi walipotwaa Ujerumani, alikosa pa kurejea. Mwaka wa 1934 akahamia Tanganyika, akawa mkulima, kisha akafungua ofisi Nairobi. Vita vilipozuka, Waingereza walimtia kizuizini kwa Ujerumani wake, ule ule uliokwisha kumkana.

Alipoachiliwa, alilirudia swali lake la kale: mnyonge atapataje makao bora? Akabuni mabamba ya zege yenye kulabu, ya kuangikwa juu ya fremu. Ubunifu huo haukuenea. Alirejea Ujerumani katika miaka ya 1950, akafariki Hamburg mwaka wa 1970.

Kenya inamkumbuka kwa majumba ya wenye nacho. Swali la mnyonge ametuachia sisi, nasi tumeyakalia mawe.