Einthoven: Aliyeusoma moyo kwa herufi tano

MGONJWA anayelalamika kuwa moyo wake unakwenda mbio au unaruka mapigo hulazwa kitandani, akabandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni, na punde karatasi hutoka ikiwa na mistari ya vilima na mabonde. Herufi ambazo madaktari huitumia kuisoma, yaani P, Q, R, S na T, zilichaguliwa na Mholanzi, Willem Einthoven.

Alizaliwa Mei 21, 1860 mjini Semarang, katika kisiwa cha Java, koloni la Uholanzi wakati huo. Baba yake, daktari, alifariki Willem akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1870 mama yake aliwachukua watoto wake sita, wakahamia Utrecht. Huko Willem alisomea udaktari akikusudia kufuata nyayo za baba yake, na mwaka 1886 akawa profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Umeme wa moyo ulikuwa umepimwa na Augustus Waller jijini London mwaka 1887. Hata hivyo, chombo chake kilichelewa kuyafuata mapigo, hivyo mchoro ulihitaji kusahihishwa kwa hesabu ndefu. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, hesabu hizo hazikufaa kitu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Einthoven aliunda kipimo kipya: uzi mwembamba mno wa kwatzi, uliopakwa fedha, ukitikisika kati ya sumaku zenye nguvu. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na iliendeshwa na watu watano, huku mgonjwa akitumbukiza mikono na mguu katika maji ya chumvi.

Kwa kuwa haikuweza kubebwa hadi wodini, mwaka 1905 aliunganisha maabara na hospitali kwa waya wa simu wa kilomita 1.5 hivi. Mapigo ya wagonjwa yakamfikia alipo, na mwaka 1906 akachapisha michoro ya mioyo iliyopoteza mwendo wake.

Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, akafariki dunia Septemba 29, 1927.

Vali bandia zilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1952, miaka 25 baada ya kifo chake. Leo vali hizo hukaguliwa kwa mawimbi ya sauti, kuona kama zinafunga barabara. Lakini mapigo yakivurugika baada ya upasuaji, daktari huirudia karatasi ile ile, na herufi zile zile tano.